Picha za ngumi na mapanga: watu wa Tanga, tupeane uzoefu

Salaam wakuu. Hapa mtaani kwetu Ngamiani kuna kibanda umiza, yaani kibanda cha video, kinaonyesha filamu za mapigano zilizotafsiriwa tangu asubuhi, na watoto wa darasa la tatu wamo ndani siku za shule. Ukisema unaambiwa "ni picha tu". Je, picha hizi zinawafundisha watoto ukatili? Leteni yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia tuyaache.

Mama wa Makorora: Wangu ana miaka sita. Alimpiga mdogo wake kabari, mkono mmoja shingoni, wa pili ukivuta kiwiko ili ikaze. Mwenzie kashaanza kutoa macho. Nani kakufundisha? "Stelingi," yaani yule shujaa wa picha. Hasira hakuwa nayo hata kidogo, alikuwa anacheka, na hicho ndicho kilichonitisha.

Mwalimu mstaafu: Kuiga kupo. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliweka watoto wamtazame mtu mzima akiutwanga mdoli wa upepo. Walipoachiwa mdoli, wengi waliutwanga vilevile, nyundo na maneno yaleyale. Mwaka 1963 akatumia filamu, wakaiga pia. Ila alipima muda mfupi baadaye, tena ni mdoli. Hapo huwezi kusema mtoto atakuja kuwa jambazi. Wanafunzi wangu wakorofi, wengi walikuwa wanachapwa kwao kila siku.

Muuza samaki, Deep Sea: Mimi nimekulia vibandani, tena kwa kuzamia, bila kulipa. Tukitoka ni mateke njia nzima. Mpaka leo sijamdhuru mtu. Niliowaona wakiharibikiwa walianzia kijiweni, hawana kazi. Na panga nani wa kumfundisha? Liko uvunguni kila nyumba.

Mama wa Makorora: Kaka, wewe ulipona. Shingo ya mwanangu ina alama.

Baba Chumbageni: Mnahangaika na kibanda, kule umeme ukikatika watu wanatawanyika. Binti yangu wa kidato cha pili ana klipu kwenye simu ya mwizi anapigwa mawe hadi kufa, imetumwa kwenye grupu la darasa lao, chini yake vikatuni vya kucheka vimejipanga. Stelingi akianguka anainuka. Huyu kafa kweli, na watoto wanasambaziana kama kichekesho. Nimemfutia, kesho yake kaletewa nyingine.

Mleta mada: Hilo la simu sikuliwaza. Kuna aliyewahi kukaa na mwenye kibanda wakaelewana?

Dada wa Chuda: Sisi tulimwita kwa mwenyekiti wa mtaa, akakubali asipokee mwenye sare. Sasa wanavulia sare kwa muuza chipsi wa jirani.