Fundi niliyemlipa mimi anikagulie gari, kumbe kala na dalali! (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite na amani yake.

Naandika nimekaa juu ya ndoo kwenye gereji moja huku Mikanjuni. Gari yangu iko juu ya magogo, gia boksi iko chini kwenye gunia, fundi wa hapa (si yule wa kwenye kichwa cha habari) kaenda kuswali alasiri. Nina muda na nina hasira, vyote vya kutosha.

Gari ni SUV ya kati, ya 2008, injini ya lita 2, gia boksi ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda. Aina siitaji. Nikiitaja tu, kufikia ukurasa wa pili mtakuwa mnatwangana Toyota kwa Subaru na mimi nimeshasahaulika. Halafu sina ugomvi na kiwanda. Aliyeiunda huko Japani alimaliza kazi yake vizuri. Ugomvi wangu ni wa hapa hapa Tanga, na watu ambao nikitoka sasa hivi nitawakuta barazani wanakunywa kahawa.

Nilikuwa na IST. Miaka minne haikunidai kitu zaidi ya oili na bushi. Lakini nina duka la pembejeo Muheza, na wateja wangu wengine wako huko juu njia ya Amani, kwa hiyo kila masika IST ilikuwa inapanda ikiburuza tumbo. Nikaiuza, nikachanganya na akiba, nikawa na milioni 19 mkononi. Najua kuna mtu keshaanza kuandika "ungeagiza Japani". Mkuu, hesabu nilipiga. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari ikishavuka miaka 10 tangu itengenezwe inabebeshwa asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee wake tu. Kwa mfuko wangu ningeishia kuangalia picha.

Nilitaka RAV4, ile ambayo mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavuni. Bei ikanikimbia. Harrier tako la nyani niliipenda, ila cc 2,400 kwa mtu wa kwenda Muheza na kurudi kila siku, huku Jumatano ya kwanza ya kila mwezi unasubiri EWURA watangaze bei mpya ya mafuta kama unasubiri matokeo ya mtihani, nikaona hapana. Ndipo dalali akaniletea hii.

Niliikuta Raskazone, chini ya mwembe, imepakwa polishi mpaka matairi. Dalali: "Shekhe wangu, hii ya mama mmoja wa ofisini. Kazini, sokoni, nyumbani. Injini haijawahi kuguswa." Kilometa 98,000. Akaanza na milioni 21 na nusu. Nikamwambia 16. Akacheka mpaka akashika mti: "Kwa hela hiyo shekhe chukua pikipiki na helmeti yake." Siku tatu tukavutana kwa simu. Anapiga, "kuna mtu wa Korogwe anakuja kesho na kashi". Sipokei. Anapiga tena, yule wa Korogwe kafiwa. Mwisho tukafunga milioni 18 na laki 8, na mimi nikalala usiku ule najiona mfanyabiashara. Tena niliingia mtandaoni kuangalia kama namba ya gari inadaiwa faini za trafiki, nikakuta tatu za elfu 30 kila moja, nikamwambia sinunui mpaka zilipwe. Zikalipwa siku ile ile. Nikajiona mjanja kuliko wote Tanga! Kumbe nilikuwa nahesabu sisimizi na nyuma yangu kuna nyoka.

Sasa njooni kwa fundi, maana huyu ndiye ananikosesha usingizi. Dalali kudanganya ndiyo duka lake, simshangai. Fundi ni wangu. Ndiye alinihudumia IST miaka yote minne. Mkewe alipojifungua mke wangu alipeleka mchele na kuku. Nilimpa elfu 50 ya ukaguzi, nikamlipia bodaboda kwenda na kurudi.

Akafungua boneti, akasikiliza injini, akalala chini akaangalia bushi na shokapu, akanionyesha stabilaiza linki moja imelegea. "Hii tu bosi, elfu 40 imekwisha." Mtu akikuonyesha kaubovu kadogo unamwamini kwa makubwa, huo ndio ujanja wenyewe. Kisha akachomoa stiki ya oili ya gia boksi. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu. Aliichomoa, akanipa mgongo, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Labda sekunde nne. "Safi kama asali."

Tukaenda kuitesti. Nikasema tutoke nayo mpaka Muheza, tukiona inavyoenda tugeuze. Dalali kimya. Aliyejibu ni fundi wangu mimi: "Haina haja bosi, tunachoma mafuta ya watu bure." Tukazunguka Raskazone, tukapita Mkwakwani, tukarudi. Robo saa. Wakuu, Tanga mjini ni sahani. Mlima wetu mkubwa ni tuta la barabarani. Gia boksi ya CVT inayokufa haiwezi kujulikana kwa robo saa kwenye sahani, na fundi anayejua kazi analijua hilo.

Kwa wakili tulipofika dalali akaninong'oneza: "Shekhe, kwenye mkataba tuandike 17, upunguze makato ukibadilisha kadi." Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, nitukaneni hapo mkimaliza. Hela nikampa dalali, mama mwenye gari akaja mwishoni, akasaini, akasoma 17, akatabasamu. Hakushtuka hata kidogo. Mimi nikadhani kaelezwa habari ya makato.

Wiki tatu gari ilikuwa tamu. Kiti cha juu, AC inagandisha, Muheza naenda nikipiga mluzi. Mafuta ilikula kilometa 9 kwa lita, nikameza. Kisha ukaanza mvumo, mwembamba, kama nzi amefungiwa kwenye chupa, ukifika spidi 60. Fundi wangu akasema ni matairi. Nikanunua matairi mawili. Nzi akabaki.

Halafu ikaja Lushoto. Shemeji yangu anaoa, nimepakia mke, watoto wawili, mama mkwe mbele, na mabegi. Mpaka Mombo hakuna neno. Tukaanza kupanda. Wanaoijua ile barabara wanaijua: upande mmoja mwamba, upande mwingine mto unauona chini kama uzi. Hatujafika Soni, nakanyaga mafuta, mshale wa RPM unapanda, gari haiendi. Inaunguruma tu kama inabishana na mimi. Kisha ghafla ikakata nguvu kabisa, tukawa tunatambaa kwa spidi ya mtu aliyebeba kuni. Nyuma yangu Kosta mbili na lori, zote honi. Nikasogea pembeni mpaka mke wangu akafumba macho.

Mama mkwe hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole ule wa Kisambaa unaouma kuliko tusi: "Baba, gari hii uliinunua, au uliazimwa?"

Tulikaa nusu saa ikipoa, ikapanda kidogo, tukakaa tena. Harusi tuliikuta kwenye pilau.

Huyu fundi wa Mikanjuni ndiye aliyenielewesha. CVT haina gia zile za hatua mnazozijua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, puli zinatanuka na kujibana, ndivyo gari inavyobadilisha mwendo. Mkanda ule unaishi kwa oili yake maalumu, inayolainisha na wakati huo huo inaacha chuma kishikane na chuma. Ukiweka hydroliki ya kawaida, ile nyekundu, mkanda unateleza, unasaga puli, joto linapanda, na kompyuta ya gari ikiona joto limezidi inakata nguvu ili boksi lisiungue lote. Ndicho kilichotupata mlimani. Akachomoa stiki ile ile, safari hii mbele ya macho yangu. Oili nyeusi, inanuka kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Akachukua tone moja akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaugeuza mkono juani. Vumbi la chuma lilikuwa linameta kama rangi ya kucha. "Hii haikuanza mwezi huu, kaka."

Safi kama asali!

Na kilometa. Wiki iliyopita mwanangu anaosha gari, kwenye kingo ya mlango wa dereva kuna stika ndogo ya Kijapani, ya kubadilisha oili, wameikwangua nusu wakachoka. Inasomeka 121,400, na mwaka 27. Akaipiga picha akaitafsiri kwa simu: mwaka wa 27 wa Heisei, yaani 2015. Kwa hiyo mwaka 2015, ikiwa bado kwao, ilishatembea 121,400. Ikaja Tanga, ikazeeka kinyumenyume mpaka 98,000. Nani aliirudisha, sijui, inawezekana hata kabla haijafika bandarini. Ila ukiangalia mpira wa pedali ya breki ulivyolika mpaka chuma kinachungulia, fundi wa miaka yote hiyo angeuona akiwa usingizini.

Nikaenda kwa yule mama nikiwa nimeshiba maneno. Akanikaribisha, akaniwekea chai na mkate wa ajemi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu akanionyesha meseji alizomwandikia dalali kabla hata sijaiona gari. Kaandika wazi kabisa: gia boksi inasumbua ikipata joto, kuna mtu aliibadilisha oili akaweka isiyo yake, kwa hiyo mwambie mnunuzi, na mimi nashusha bei mpaka 17. Kumi na saba! Ile ya kwenye mkataba ndiyo iliyokuwa bei yake halali. Yaani mama wa watu alinipunguzia kwa ajili ya ubovu, dalali akaula ubovu na punguzo pamoja, milioni 1 na laki 8 ya juu. Chai ile ilinikaa kooni.

Habari ya fundi nilipewa na dalali mwingine, aliyeileta dili kwa mwenzake halafu akanyimwa mgao. Alimwagiwa mboga, naye akamwaga ugali. Fundi wangu alipewa laki 3 asubuhi ya ukaguzi, kabla sijamlipia bodaboda. Nilipompigia hakukataa. Alisema, "Bosi, ningekwambia usingeinunua." Nimelirudia hilo jibu kichwani mara mia na sijapata pa kulishika.

Mtasema niende polisi. Mkataba una mstari unaosema nimelikagua gari na kuridhika nalo, na chini yake kuna saini yangu, na ya shahidi wangu. Shahidi ni fundi. Na bei iliyoandikwa ni ya uongo, na uongo huo niliukubali kwa mdomo wangu. Nikadai nini, kwa karatasi ipi?

Gia boksi la mtumba nimeambiwa Ilala linapatikana kwa milioni 2 na kidogo, bila usafiri wa basi, bila oili, bila ufundi. Hapa Tanga limeulizwa mpaka kila mtu kajua shida yangu. Tunasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini wenye spea za gari hizi hawajaja hata hiyo leo yenyewe. Mwenye duka la uhakika Dar anayetoa garantii ya maandishi, hata ya mwezi mmoja, aje inboksi. Wa pole asanteni, pole ninazo mpaka za mama mkwe.

Nyongeza, saa 2 usiku: Dalali kapiga muda huu. Si kuomba radhi. "Shekhe wangu, nasikia ile chuma unaiachia. Nina mteja, mtu wa Pangani, hela iko mkononi. Usihangaike na gia boksi, paka polishi tu." Nikamuuliza huyo mteja anakuja na fundi gani kukagua.

Akacheka. "Si yule yule."