Mdogo wangu vali ya moyo imebana: atiwe puto au apasuliwe?

bint_kisauni
Asalaam aleikum. Mdogo wangu ana miaka 24. Tangu Ramadhani akipanda ngazi za nyumbani, ghorofa ya pili tu, husimama katikati akashika ukuta. Usiku hulalia mito mitatu. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, imeonyesha vali ya mitrali, mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana; tundu limebaki sentimita mraba 0.9. Daktari asema ni makovu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, nasi siku zile tukidhani ni mafindofindo tu. Ashauri puto lipitishwe kwenye mshipa wa kinena, kifua kisipasuliwe. Mama hataki kusikia: mtu atatengenezaje asichokiona? Nami nimeona video ya mzee aliyetiwa vali mpya kupitia mguuni. Mbona yeye asitiwe hiyo? Na puto ni tiba, au ni kuahirisha?

nesi_changamwe
Dadangu, pole. Ile ya mzee ni ya vali ya aota, mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini, iliyokakamaa kwa chokaa. Vali ya utando wa moyo wa ng'ombe hukunjwa kwenye mrija, ikafunguliwa ndani ya ile kuukuu. Alain Cribier aliianza Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Ya mdogo wako kingo zimegandana, na puto huziachanisha. Kanji Inoue wa Japani alianza kulitumia 1982.

Mwambie mama wanaona, kwa eksirei na eko. Hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, puto likaingizwa kwenye vali, likajazwa maji sekunde chache, likatolewa.

La kuuliza ni hili: amefanyiwa eko ya kooni, ile ya kumeza mrija wenye kipimo? Kukiwa na damu iliyoganda chumba cha juu kushoto, hawaendelei, isije ikasukumwa hadi ubongoni. Vali ikivuja sana au ikijaa chokaa, basi afadhali upasuaji. Lakini akitiwa vali ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Msichana wa miaka 24, hilo lizungumzeni mapema.

mama_wawili_likoni
Mimi nilitiwa puto 2015. Kabla ya hapo kile kilima cha feri upande wa Likoni nilikuwa nikisukumwa kwa mkokoteni. Wiki ya pili nilikipanda mwenyewe, nikalia pale juu mbele za watu.

Ndiyo, yaweza kubana tena baada ya miaka. Kila mwaka napimwa eko. Na sindano ya penisilini kila wiki nne, sijaiacha hata mwezi mmoja. Wengi wakipata nafuu huiacha, homa ikarudi kuila vali. Nakusihi msimwache aikatize.

bint_kisauni
Mungu awalipe. Eko ya kooni hajafanyiwa, Jumatatu naenda kuuliza. Nimemsomea mama yote. Auliza jambo moja: inauma?

mama_wawili_likoni
Sindano ya ganzi inauma kama ya jino. Nilikuwa macho. Puto lilipojazwa nilihisi moyo ukiruka mapigo mawili matatu, nesi akanishika mkono. Mama akitaka, nitakuja Kisauni tukae naye.