Napiga sitapu kila siku lakini tumbo halikatiki, naomba ushauri

Kijana wa Tabata (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 29, urefu sentimita 170, uzito kilo 82. Nauza vipuri vya magari Kariakoo, kutwa nzima nimekaa nyuma ya kaunta. Nataka sikspaki. Asubuhi napiga sitapu mpaka tumbo linawaka, na nikibonyeza nasikia kabisa misuli ni migumu, ila kwa macho hakuna kitu. Kiuno nimepima usawa wa kitovu: sentimita 98. Chakula changu ni supu na chapati mbili asubuhi, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai na soda. Harusi yangu ni baada ya miezi miwili. Niongeze sitapu au kuna zoezi jingine? Nawasilisha.

Mzee wa Mbezi
Kunywa maji ya moto yenye ndimu na tangawizi kabla hujala kitu. Ongeza na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, wiki mbili kitambi kwisha.

Fundi Chuma
Mkuu, misuli unayo tayari, kila binadamu anayo. Ile mistari ya sikspaki ni kano zinazokatiza msuli mrefu unaotoka mbavuni hadi kwenye kinena, na idadi yake umezaliwa nayo. Wengine watapata pande nne tu hata wafanye nini. Kilichoufunika ni mafuta ya chini ya ngozi, na sitapu haziyaondoi mahali pale unapofanyia kazi. Mwili huchota mafuta kila upande, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho kupungua. Mistari huanza kuonekana vizuri mafuta ya mwili yakishuka hadi karibu asilimia 12, wengine mpaka 10.

Kwa hiyo tuongelee sahani yako, maana kazi yote iko hapo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Chapati imekaangwa, chipsi zimetoka kwenye karai la mafuta, halafu zikarudishwa kwenye kikaango na mayai na mafuta mengine. Soda ya nusu lita ina sukari inayokaribia au kuzidi gramu 50, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri tusivuke kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana tuishie 25. Umeshamaliza mgawo wako kwa chupa moja.

Sikwambii uache wali wala ugali. Mwambie mama ntilie akupunguzie wali akuongezee maharage na mchicha, atakuelewa. Kila mlo uwe na protini: mayai ya kuchemsha, dagaa, samaki wa kuchoma, kuku. Kwa uzito wako lenga gramu 115 hadi 130 kwa siku. Yai moja lina kama 6.

Mazoezi: siku tatu kwa wiki fanya yale ya misuli mikubwa, yaani skwati, pushapu, kujivuta kwenye chuma. Tumbo lipe planki (kujishikilia umenyooka kwa viwiko na vidole vya miguu) na kuinua miguu ukiwa umening'inia, ukiongeza ugumu taratibu. Siku zilizobaki tembea, shuka daladala vituo viwili kabla.

Kuhusu harusi nakueleza ukweli. Nusu kilo kwa wiki ndiyo mwendo mzuri, kwa hiyo miezi miwili ni kilo 4. Sikspaki itakuwa bado. Inahitaji kilo 10 hivi au zaidi, yaani miezi mitano, sita. Ila kilo 4 kiunoni zinaonekana, usimruhusu fundi akate suti mapema.

Muuguzi wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Ndimu na tangawizi hazina neno, ila haziyeyushi mafuta. Hizo chai ndizo zinanisikitisha. Nyingi zina majani ya sena, na hiyo ni dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, ukinywa maji inarudi. Ukizizoea unapoteza chumvichumvi za mwili kama potasiamu, na hapo moyo unaweza kuanza kudunda ovyo. Naomba vijana msizinunue.

Mleta uzi, kwa mwanaume hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 94, na ikifika 102 huwa kubwa zaidi. Wewe uko 98. Kapime presha na sukari wiki hii. Na lala masaa saba; usipolala vya kutosha njaa ya kesho yake huwa kali.

Mwana Kisauni
Kwetu Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Mimi mbaazi sijaacha, napika kwa tui jepesi na hamri nala moja. Kiuno kimeshuka bila kununua chochote.

Mama Pacha
Samahani kwa kuingilia. Nimejifungua miezi minane iliyopita, na nikijiinua kitandani katikati ya tumbo panatokeza. Na mimi nipige sitapu?

Muuguzi wa Zamu
Dada, hapana, usianze. Huenda misuli yako iliachana wakati wa mimba. Lala chali, inua kichwa kidogo, bonyeza juu ya kitovu: vidole viwili au zaidi vikizama katikati, sitapu zinaweza kukuzidishia. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya kupumua na ya nyonga. Ukiona uvimbe unauma au haurudi ndani, hiyo inaweza kuwa ngiri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kijana wa Tabata
Nashukuruni sana. Soda naacha leo. Ila narudi nyumbani saa 3 usiku nimechoka, siwezi kupika. Nile nini?

Fundi Chuma
Palepale kwa muuza chipsi ana mishkaki na kuku wa kuchoma. Agiza mishkaki minne au paja moja, kachumbari nyingi, na ndizi moja ya kuchoma. Maji badala ya soda. Jumapili chemsha trei nusu ya mayai uweke kwenye friji kwa ajili ya asubuhi, ili chapati ibaki ya siku moja kwa wiki.