Mrushaji mkuki wa chuo, kiwiko chini na mkono unapita pembeni: bado anarekebishika?

Mwl_Mikindani

Wakuu, habari za leo. Nafundisha riadha chuoni hapa Mtwara. Nina kijana wa mwaka wa pili, miaka 21, sentimita 184, anarusha kwa mkono wa kulia. Mkuki wa gramu 800 akiwa amesimama anaufikisha mita 41, akikimbia 47, siku njema 48. Nguvu anazo. Tatizo ni urushaji wenyewe.

Mkono haupiti juu ya bega, unazunguka pembeni kama mtu anayetungua maembe kwa jiwe. Mkuki ukitoka, mkia unapepea na ncha inakwenda kulia. Mara nyingi unatua bapa, kibendera chekundu kinapanda. Anapoachia, goti la kushoto linakunjika. Mwezi huu mara mbili kasema kiwiko kinamuuma upande wa ndani, si siku ya kurusha, ni kesho yake.

Anarusha hivyo tangu sekondari, kama miaka minne. Nimemwambia "inua kiwiko" mpaka sauti imekauka. Mashindano ya vyuo yamebaki wiki saba. Tabia ya miaka minne inatoka? Kama inatoka, nianzie wapi?

kiwiko_juu

Mwalimu, kiwiko kiache kwanza. Tazama namba zako: amesimama 41, amekimbia 47. Mkimbio wote ule unamwongezea mita sita. Mtu mwenye mkono wa kufikisha 41 bila kusogea anatakiwa apate mita kumi au zaidi kwenye mkimbio. Kasi anayokuja nayo inamwagika mahali fulani kati ya mguu wa kulia kutua na mkuki kuachiwa. Kiwiko kinashuka kwa sababu mwili umeshamaliza kazi kabla mkono haujaanza.

Hatua mbili za mwisho ndizo zenye kila kitu. Mguu wa kulia unatua, wa kushoto unafuata papo hapo. Ukisikiliza kwa masikio unatakiwa usikie "ta-ta", si "taa... ta". Wa kushoto unagonga kwa kisigino, goti limekaza. Hapo nyonga ya kulia inasukumwa mbele, kifua kinafuata, kisha bega, kiwiko, na kiganja mwisho kabisa. Mguu wa kushoto ukichelewa au goti likilegea, nyonga hazina pa kujikita. Bega linafunguka mapema kuelekea kushoto, mkono unabaki nyuma peke yake, na njia ya mkato iliyobaki ni hiyo ya pembeni. Ukimwambia ainue kiwiko katika hali hiyo atakutii kwa kulalia kushoto. Kiwiko kitaonekana kimepanda, lakini mkuki utainua pua na kuangukia kushoto. Kijana si mkaidi, amri ndiyo haitekelezeki.

Kabla ya kugusa chochote piga video. Simu iwe usawa wa nyonga, upande wake wa kulia, umbali wa mita 8 hadi 10. Nyingine iwe nyuma yake. Rekodi mwendo wa polepole, fremu 120 kwa sekunde, au 240 kama simu inaweza. Kisha simamisha pale mguu wa kushoto unapogusa ardhi. Katika picha hiyo mkono unatakiwa uwe bado umenyooka nyuma, kiganja usawa wa bega au juu kidogo na kinatazama juu, ncha ya mkuki iko jirani na jicho la kulia. Mkuki wa wanaume una mita 2.6 hadi 2.7. Ncha ikikaa kombo shubiri moja tu, nguvu inapita nje ya mstari wa mkuki, na huo mpepeo wa mkia unaouona ndio matokeo yake.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: amevaa nini mguuni? Viatu vya mkuki vina meno mpaka kisiginoni. Akivaa raba za kawaida kwenye majani, kisigino cha kushoto kinateleza, na baada ya kuteleza mara kadhaa mwili unajifunza kukunja goti ili usianguke. Hilo utalipigia kelele mwaka mzima bila faida. Kama viatu hakuna, mpe njumu, mpunguzie mkimbio uwe hatua tano, na msirushe kwenye umande. Subirini saa tatu asubuhi majani yakauke.

Mkumbushe pia kwamba hilo la pembeni si suala la sura tu. Sheria inataka mkuki upite juu ya bega au sehemu ya juu ya mkono unaorusha, na kuuzungusha kama teo hakuruhusiwi. Akimpata mwamuzi makini, hata ukichoma vizuri anaweza kuufuta.

Fizio_Lindi

Naingilia kwenye maumivu, maana mmelipita haraka.

Kuuma ndani ya kiwiko kesho yake kwa mtu anayerusha kwa pembeni ni taarifa kamili. Kiwiko kikiwa chini ya bega na mkono ukavutwa kwa kasi, upande wa ndani unafunguliwa na upande wa nje unabanwa. Kinachozuia usifunguke ni kano fupi ya ndani ya kiwiko, ile ile inayowakatikia warushaji wa besiboli na kuwapeleka kwenye upasuaji. Neva ya vidole viwili vya mwisho inapita hapo hapo.

Mwulize mambo matatu. Je, ukibonyeza chini kidogo ya kile kifupa kinachojitokeza ndani ya kiwiko panauma? Je, kidole cha pete na kidole cha mwisho vinapata ganzi? Je, kuna siku alisikia kitu kimealika wakati wa kuachia? Jibu likiwa ndiyo kwa ganzi au mwaliko, asirushe chochote, hata mpira, mpaka aonwe na daktari wa mifupa. Ikiwa ni kubonyeza tu, asirushe kwa siku 10 hadi 14, na siku hizo zitumike kwenye miguu na nyonga. Barafu na dawa za maumivu zisitumiwe kumrudisha uwanjani siku ya pili. Hapo mnazima kengele huku moto unawaka.

Na mtazame kishiko. Kama anashika kwa kidole cha shahada nyuma ya kamba iliyozungushwa pale pa kushikia, jaribuni kishiko cha uma: mkuki upite kati ya shahada na kidole cha kati, vidole vyote viwili nyuma ya ukingo wa kamba. Kishiko hicho kinakifanya kiganja kipende kutazama juu, na kiwiko hakipati nafasi ya kutoka nje kirahisi. Wiki ya kwanza ataona kigeni na atapoteza mita mbili tatu. Avumilie.

Nachingwea_77

Mimi napingana na haraka hii. Wiki saba, toa mbili za kupumzisha kiwiko, zinabaki tano. Ndani ya wiki tano utampata mtu asiyejua kurusha kwa zamani wala kwa upya.

Wanaofuatilia mpira wa Kimarekani wanajua mjadala huu kwa watupaji wao wa pasi (quarterback) wanaotoka vyuoni. Tim Tebow alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2010 akiwa na mzunguko mrefu wa mkono, mpira unashuka hadi kiunoni kabla ya kupanda. Walijaribu kuufupisha, lakini kila akibanwa na mabeki mkono ulirudi kule kule. Josh Allen naye alitoka chuo cha Wyoming na sifa ya mkono wenye nguvu usio na shabaha. Mwaka wake wa kwanza, 2018, pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, mwaka 2020 zikawa 69.2. Kazi kubwa kwake ilikuwa miguu na nyonga. Lakini tazameni muda: misimu miwili, tena mtu analipwa kwa kazi hiyo hiyo na makocha wamemzunguka.

Kwa hiyo inarekebishika, ila si kwa mashindano haya. Ningemwacha arushe alivyo, kwa hatua tano, mashindano yapite, kisha tujenge upya.

kiwiko_juu

Mzee wa Nachingwea, nakubali kuhusu muda. Sikubali arushe alivyo. Kiwiko kinauma kwa sababu anarusha alivyo, sasa unampeleka mashindanoni akatupe kwa nguvu zote mara sita?

Mpango wangu huu hapa, mwalimu. Siku 14 za mwanzo hakuna mkuki. Tyubu ya baiskeli ifungwe kwenye nguzo ya goli usawa wa bega, nyuma yake. Aishike mkono umenyooka, akanyage kulia-kushoto, nyonga igeuke, kifua kitoke mbele, halafu asimame hapo bila kuuvuta mkono. Seti 4 za marudio 8. Zoezi zima ni kuufundisha mkono kusubiri. Akivuta mkono hajafanya zoezi, aanze upya.

Wiki ya tatu, kama hakuna maumivu, mpira mdogo wa gramu 400 hadi 600. Mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, ukajazwa mchanga na kushonwa, unatosha, ila upimeni dukani kwenye mizani. Asimame sambamba na wavu wa goli, bega la kulia likiwa kama sentimita 40 kutoka kwenye wavu. Mkono ukizunguka pembeni utagusa wavu, na hakuna haja ya wewe kusema neno. Usitumie ukuta, ataumia vidole.

Wiki ya nne mkuki wa gramu 600 wa wanawake, au 700 wa vijana kama mnao. Auchomeke ardhini mita 6 hadi 8 mbele, miguu sambamba, mara 15. Unaangalia mkia: ukisimama bila kutikisika, nguvu imepita katikati. Ukitikisika kulia na kushoto kama mkia wa mbwa, rudi kwenye mpira. Kisha hatua tatu, kushoto-kulia-kushoto, kwa nusu ya nguvu, mita 20 hadi 25. Mirusho isizidi 30 kwa siku, siku mbili kwa wiki, na kati yake zipite siku mbili.

Gramu 800 na hatua tano ni wiki ya sita. Usipime umbali kabla ya hapo. Futi ikishatandikwa chini, kijana anaacha kila ulichomfundisha na kurudi kwenye embe lake.

Mwl_Mikindani

Nimepiga video leo. Kati ya kulia kutua na kushoto kutua nimehesabu fremu 38 kwa kasi ya 120, na kushoto kulipogusa mkono ulikuwa umeshafika usawa wa sikio. Ganzi hakuna, mwaliko hakuna, akibonyezwa panauma kidogo. Amevaa raba.

Swali la mwisho: sisi tunafanya mazoezi saa kumi alasiri na sasa hivi kusi linavuma kweli kweli. Linaharibu?

kiwiko_juu

Fremu 38 ni karibu theluthi moja ya sekunde. Mtafutie ishirini kwanza. Sababu kubwa ni kwamba anaruka juu kwenye hatua ya kukingamisha miguu. Mwambie aiburute chini, mguu wa kushoto uwe umeshapita wa kulia kabla wa kulia haujagusa ardhi.

Kuhusu kusi, ndiyo, linadanganya. Ukirusha kulielekea, linaingia chini ya ncha na kuinua pua, mkuki unasimama hewani halafu unaanguka karibu. Kijana atadhani kakosea mkono na atarekebisha kitu kisicho na kosa. Likitoka nyuma, mkuki mbovu unatua kwa ncha na wewe unaona mmepiga hatua. Kuchomeka na ule mpira mdogo wa kando ya wavu wa goli fanyeni alasiri bila wasiwasi. Mirusho ya hatua tatu na tano ihamishieni asubuhi. Ikishindikana, geuzeni uwanja upepo utoke nyuma, na umtazame miguu tu, usiutazame mkuki unapotua.

Fizio_Lindi

Panauma akibonyezwa, basi siku ni 14, si 10. Na hizo njumu azivae kuanzia kwenye zoezi la tyubu.