Ulinganisho: 300 SL ya 1/24, E-Type ya 1/8, seti ya metali na resini, au kuchapa kwa 3D?

Keekee_Ndogo

Wakuu, nimekwama kwenye uamuzi, na nisipouliza nitaendelea kuzunguka hapo hapo. Nimemaliza modeli nne za magari, zote za plastiki, zote za skeli ya 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi), na zote boneti nimeifunga kwa gundi. Ya tano naitaka iwe gari la michezo la zamani lenye kila kitu ndani: injini yenye nyaya zake, mabomba ya breki, viti vyenye mshono, mageji yanayosomeka. Niko tayari kukaa nayo mwaka mzima. Nisichotaka ni kazi ya kulipua.

Nimebaki na njia nne. Kuna Mercedes-Benz 300 SL ya Tamiya, 1/24, ambayo tayari ina injini na fremu ya mabomba, halafu mengine niongeze mwenyewe. Kuna Jaguar E-Type ya 1/8, ile seti kubwa ya plastiki iliyoanzia kwa Monogram na baadaye ikatolewa na Revell. Kuna Ferrari 250 GTO ya 1/12 ya Model Factory Hiro, yenye vipande vya resini (plastiki ya kumiminwa), metali nyeupe (metali laini ya kumiminwa) na vibamba vilivyochongwa kwa asidi. Na kuna kuchapa gari zima kwa printa ya 3D, maana rafiki yangu anayo.

Moyo wangu uko kwa 300 SL na E-Type, sifichi. Ila nataka hoja za watu waliokwisha kuzigusa kazi hizi.

MsasaLaini

Kabla ya kuchagua gari, piga hesabu. 300 SL halisi ina urefu wa mita 4.52. Kwa 1/24 hiyo ni milimita 188, inakaa kiganjani. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 7 unakuwa milimita 0.29 kwa 1/24, karibu 0.58 kwa 1/12, na kama 0.88 kwa 1/8. Waya wa 0.3 unapatikana na unapindika vizuri, kwa hiyo nyaya za injini si kikwazo hata kwenye skeli ndogo. Wengi hudhani kikwazo ni hapo.

Kikwazo ni rangi. Chukua mwanya wa mlango, tuseme milimita 4 kwenye gari halisi. Kwa 1/24 huo ni 0.17 tu. Praima (rangi ya msingi), rangi na kliya (vanishi angavu ya juu) vikifika jumla ya 0.1 kila upande, umeshaweka 0.2 ndani ya mwanya wa 0.17. Mlango hauingii tena! Utaukwangua, rangi itabanduka ukingoni, na utarudi mwanzo. Kwa hiyo ukienda 1/24 na milango ya kufunguka, kingo zote upige msasa zipungue kabla ya praima, kisha ujaribu mlango baada ya kila tabaka. Mimi huanza kwa kupitisha mgongo wa kisu kwenye mistari yote mara tatu nne, taratibu, ndipo nafungua kopo.

Kwa 1/8 mwanya huohuo ni nusu milimita, unapumua. Ila usidhani skeli kubwa inakupunguzia kazi. Inakudai zaidi: kila sehemu iliyo tupu inaonekana tupu.

TupaNaJiliwa

Hapo mwisho MsasaLaini umenena. Nimejenga E-Type ya 1/8, na ningejenga tena kesho, lakini ndugu Keekee ajue anachokiingia.

Uzuri wa E-Type ni kwamba boneti yake si kifuniko tu. Pua nzima ya gari pamoja na matao ya magurudumu inainuka kwenda mbele, na kinachobaki kimesimama wazi ni injini, saspensheni na fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa mbele wa kabini. Hakuna pa kujificha, na kwa mjenzi hiyo ni zawadi. Angalia kitu kimoja watu hukosea: mabomba ya fremu hiyo ni ya pembe nne. Nimeona modeli nzuri kabisa zilizowekewa vijiti vya duara, na ukishajua, jicho halitoki hapo.

Halafu kuna spoki. Gurudumu la E-Type lina spoki 72. Mara nne ni 288, na ukitengeneza na tairi la akiba ni 360. Nilitengeneza kishikizo cha mbao chenye misumari midogo kuzunguka duara, nikatoboa rimu na kitovu kwa keekee ya mkono, nikawa napitisha waya wa chuma cha pua wa milimita 0.5, safu kwa safu. Gurudumu la kwanza lilinichukua wiki tatu. La nne, siku tano. Lile la kwanza nililibomoa nikalirudia kwa sababu kitovu kilikaa upande kwa nusu milimita na gari likawa linachechemea mezani.

Kitu cha tatu ni unene wa plastiki. Bati la milimita 1 kwa 1/8 ni 0.125. Plastiki yenye milimita 2 ni sawa na bati la milimita 16, kama la kifaru. Ukifungua boneti, ukingo huo ndio wa kwanza kuonekana. Inabidi uukwangue kwa ndani, kwenye ukingo tu, hadi uwe mwembamba kama karatasi ya jalada. Usikwangue kote, utapoteza nguvu ya boneti.

Shubaka

Swali dogo: itakaa wapi? E-Type ya 1/8 ni zaidi ya nusu mita, na boneti ikiinuka inahitaji sanduku refu kwenda juu pia. Modeli yenye nyaya zote hizo isiyo na sanduku la kioo inakula vumbi, na vumbi la ndani ya injini halifutiki.

ResiniNaVumbi

Naona 250 GTO inarukwa, na mimi nasema iheshimuni kwanza. Metali nyeupe ina kitu ambacho plastiki haina: uzito. Ukiishika modeli ya 1/12 ya namna hii mkononi, unajua umeshika gari. Na huhitaji kuipaka rangi ya fedha sehemu iliyo metali tayari. Unaisugua kwa brashi ya waya laini na inang'aa yenyewe.

Lakini ndugu, modeli nne za plastiki hazikuandai kwa hili. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Kwenye resini na metali haifanyi chochote. Unabaki na supagluu na epoksi, na kiungo chochote kinachobeba uzito lazima ukitie pini: toboa pande zote mbili, weka kipande cha waya wa shaba, ndipo ugundishe. Vipande haviingii vyenyewe. Kila kimoja unakipiga tupa, unakijaribu, unakipiga tena. Resini unaiosha kwa sabuni kwanza, la sivyo mafuta ya kalibu yanafukuza rangi. Unapoipiga msasa, ilowe maji na uvae barakoa, kwa sababu vumbi lake haliutakii heri mfuko wa mapafu.

Seti yangu ya kwanza ya aina hii, ya kampuni nyingine kabisa, ilikuja na vipande viwili vya saspensheni vilivyopinda. Nilivinyoosha kwa mkono, kimoja kikakatika. Nilijifunza kuvitia kwenye maji ya moto kwanza na kuvinyoosha polepole. Baadaye nikajaribu kulehemu mahali ambapo epoksi ingetosha, na kipande cha bomba la moshi kikageuka tone, kwa sababu metali hiyo huyeyuka kwa joto dogo sana. Anayetaka GTO ya 1/12 aanze na kitu kidogo cha metali, pikipiki kwa mfano. GTO zenyewe zilizotoka 1962 hadi 1964 ni 36. Ni gari linalostahili mikono iliyokwisha kuzoea.

TabakaJuuYaTabaka

Mimi ni wa printa. Gari zima? Hapana. Printa za resini kwa kawaida huchapa kwa tabaka za milimita 0.05. Kwa 1/24 kila tabaka ni sawa na ngazi ya milimita 1.2 kwenye gari halisi, na kwenye paa lililopinda kidogo ngazi hizo zinaonekana kama mistari ya ramani ya milima. Utazisawazisha kwa praima na msasa, na katika kusawazisha utalainisha kingo ambazo ndizo sura ya gari. Nguzo nyembamba za madirisha nazo hupinda zinapokauka kwenye taa.

Vipande vidogo, ndiyo, kwa mikono miwili. Distribyuta (kigawa umeme kwa plagi) yenye matundu ya nyaya, vichwa vya bolti, kabureta tatu za E-Type, swichi za dashibodi. Hapo printa inakupa kilichokuwa kikidai siku nzima ya kuchonga. Toboa matundu ya nyaya kwenye mchoro kabla ya kuchapa, maana resini iliyokwisha kukauka hupasuka ukiitoboa kwa pupa. Na mwambie rafiki yako glavu si hiari: resini ambayo haijakauka ni adui wa ngozi.

Kibano

Nimesoma yote na naona tunajadili skeli na malighafi, hatujalijadili gari. Keekee, angalia 300 SL ni nini.

Ilipoonyeshwa New York mwaka 1954, kilichowashangaza watu ni milango iliyofunguka kwenda juu. Milango hiyo haikuwekwa kwa maringo. Fremu ya gari ni kimia cha mabomba membamba, na ili kiwe kigumu, ubavu wake ulilazimika kupanda juu mahali ambapo mlango wa kawaida ungekaa. Kwa hiyo mlango ukahamia kwenye paa. Usukani nao ukapewa kiungo ili uinamishwe na dereva apite. Injini ya silinda sita ya lita 3 ililazwa ubavuni ili boneti ibaki chini, na petroli ikapelekwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu, badala ya kabureta. Ukiijenga modeli hii na fremu ikaonekana, mtazamaji anauona mlango na sababu ya mlango kwa mtazamo mmoja. Sijui gari lingine la enzi hiyo linalojieleza hivyo.

Kwa hiyo kwa 1/24 mimi singetawanya nguvu. Ningeweka kazi yote mahali pa aina tatu: fremu, injini, na kingo za chini za mlango. Kwenye fremu, kila bomba la plastiki lina mshono wa kalibu. Ukwangue wote, hata ule usioonekana sana, kwa sababu bomba lenye mshono linaonekana kama kijiti. Kwenye injini, mabomba sita ya petroli kutoka kwenye pampu yawe ya waya wa shaba na nyaya sita za plagi ziwe nyeusi, ili jicho litofautishe. Mfumo wa breki chini ya gari ningeuweka kwa mkupuo mmoja, waya wa 0.2, nisonge mbele.

MsasaLaini

Nakubali, na naongeza la rangi kwa sababu 300 SL wengi huitaka ya fedha. Rangi ya fedha ina chembe za metali, na chembe hazipungui kwa skeli. Chembe kubwa kwa 1/24 hufanya gari lionekane limenyunyiziwa mchanga. Tafuta fedha iliyosagwa laini kabisa, pulizia tabaka nyembamba kutoka umbali uleule kwa paa, milango na boneti, na sehemu hizo zote zipulizwe siku moja, zikiwa zimeelekea upande mmoja. Ukipaka milango kesho itakuwa ya rangi nyingine. Nilipata hilo kwa uchungu: mlango wa kushoto wa gari langu ulikuwa mweusi kidogo kuliko mwili, na ilibidi nivue rangi yote.

Pia usiweke rangi ya laka juu ya rangi ya enameli. Tina (kiyeyushi) ya laka inaikunja enameli ya chini kama ngozi ya maziwa. Enameli juu ya laka, baada ya kukauka kabisa, haina shida. Na jaribu mchanganyiko wako wote kwenye kijiko cha plastiki kwanza, kuanzia praima hadi kliya.

TupaNaJiliwa

Kibano amenishinda kwa hoja ya mlango, nasema wazi. Ila Keekee, ukichagua 300 SL leo, E-Type isiiache ipotee. Wakati rangi inakauka, anza kukusanya picha zake. Na chagua gari la mwaka mmoja, usichanganye: za mwanzo kabisa za 1961 zilikuwa na vifungio vya boneti vya nje, na injini ya lita 3.8 ilikaa hadi 1964 ilipokuja ya 4.2. Mtu akikosea hapo, spoki 360 hazimsaidii.

Keekee_Ndogo

Asanteni sana wakuu. Nimeamua 300 SL. Hesabu ya mwanya wa mlango ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu modeli zangu zote nne nilipaka nene bila kujua, na boneti zilizofungwa kwa gundi zilinifichia.

Mpango: TabakaJuuYaTabaka, rafiki yangu atanichapia distribyuta yenye matundu, mchoro nautengeneza wiki hii. Shubaka, sanduku nalipima kabla ya kufungua seti, milango ikiwa juu. Jana nilichukua modeli yangu ya kwanza kabisa, nikaivua rangi, na nimeanza kuifanyia mazoezi kingo za mlango. Upande wa kulia umeshaingia na kutoka bila kukwaruza, kwa praima tu. Kesho naongeza tabaka la rangi nione kama bado unafunga. Kibano, swali moja limebaki: ile mishono ya fremu uliikwangua kabla ya kuunganisha mabomba au baada?

Kibano

Kabla, kwa kisu kilichosimama wima, ukikivuta kwako bila kukata. Kisha baada ya kuunganisha, viungo tu, kwa msasa uliokunjwa ukawa mwembamba kama njiti. Ukipaka rangi kwanza utaikwangua fremu mara mbili.