TikTok: tuifungie, tuiache, au tuangalie hela inapopotelea?

Wakuu, hodi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mpaka miezi miwili iliyopita nilikuwa na kitochi na sikuona ninachokosa. Walionitoa huko ni wateja. Zamani binti alikuja na kitenge chake, akaangalia kalenda ya mishono ukutani, akachagua. Siku hizi ananishikia simu puani, kuna mdada anazunguka sekunde kumi: "Fundi, nishonee hii." Sioni zipu iko wapi, sijui kama kuna bitana. Nikaona niingie mwenyewe.

Nimeingia, na ninaleta mada kwa sababu kelele za kuifungia haziishi. Kenya mwaka 2023 mwananchi alipeleka ombi bungeni ipigwe marufuku, Rais Ruto akaongea na mkuu wa kampuni, Shou Zi Chew, wakakubaliana maudhui yachujwe. Somalia mwaka huohuo ikatangaza marufuku kabisa. Wa upande wa pili wanajibu kwamba vijana watakula wapi. Mimi mgeni naona wote wanagombania mlango wakati mwizi kapitia dirishani.

Wanasema uchafu. Upo, sikatai, lakini uchafu ukiuona unapitisha kidole, umeondoka. Kilichonishtua ni kingine. Wiki ya kwanza nilikutana na video ya msiba, mama analia pembeni ya jeneza. Sikubonyeza kitu, sikuandika neno. Nilisimama tu, kama ambavyo mtu yeyote angesimama. Kesho yake nikaletewa misiba mitatu. Keshokutwa nikawa mfiwa wa nchi nzima, na mishono niliyoifuata ikabidi niitafute kwa tochi. Humu kusimama kunahesabika kuwa umependa. Mtaani ukikuta msiba unatoa pole, unaenda zako, hakuna anayekufuata nyumbani na majeneza mengine.

Halafu laivu. Saa tano usiku nimeangukia kina dada wawili wanashindana, skrini imegawanywa, saa inahesabu dakika tano. "Gongeni skrini! Waridi, nani ananipa waridi!" Nyuma ya mmoja kuna godoro chini, chandarua kimefungwa fundo, mtoto kalala. Akashindwa. Adhabu ni kupakwa unga usoni. Akapakwa, akajifuta na khanga, akasema, "Tena." Mtoto akageuka upande wa ukutani.

Waridi ni zawadi ya picha ya ua, mtazamaji anaituma kwa sarafu moja ya TikTok anayoinunua kwa hela yake, si kitu. Lakini kuna zawadi ya simba, sarafu 29,999, ukizinunua ni kama milioni moja ya kwetu. Usiku ule sikuona simba, ni waridi tu. Na hayo waridi hayamfikii yote. BBC mwaka 2022 walifuatilia familia za wakimbizi wa ndani huko Syria waliokuwa wakiomba kwenye laivu, wakakuta kampuni inabaki na hadi asilimia 70. Kampuni ikajibu kwamba inachukua chini ya hapo, kiasi gani haikusema. Dalali wa nyumba tunamsema kwa kodi ya mwezi mmoja, na yule angalau katembea juani.

Kwa hiyo hoja yangu: isifungiwe. Ila laivu za zawadi zibanwe, na anayetuma aone kwa shilingi, palepale, mtu anapata ngapi na kampuni inakula ngapi. Nipo sahihi au ni uzee?

Kutoka Mwanza: Mkuu, mimi nauza viatu vya mtumba. Fremu sina. Nafungua balo mbele ya simu, watu wanachagua laivu, natuma kwa basi mpaka Bukoba. Waridi siombi. Ukibana laivu mimi ndiye nitakayeumia kwanza, kampuni itakuja kuhisi mwakani. Na misiba yako, shikilia kidole juu ya video, itakuja sehemu ya kusema haikuvutii. Bonyeza hapo.

Kutoka Mombasa: Mzee wangu, shikamoo. Lile ombi liliishia kwa kamati ya Bunge kusema marufuku haifai, udhibiti ndio uongezwe. Lakini hili la zawadi sikubaliani nawe. Sisi huku kwenye taarabu twatuza mpaka pochi zalia, wala hakuna aulizaye mwenye ukumbi kachukua ngapi. Atumaye waridi apata raha yake. Ni mtu mzima.

Mleta mada: Marahaba, mwanangu. Kwenye taarabu nakwenda mpaka mbele na noti, namwekea mwimbaji mkononi, naona kaipokea. Akigawana na bendi, nawajua, wamekaa pale na vinanda vyao. Humu naona ua linapepea, basi. Ningeambiwa kati ya elfu moja yangu inamfikia mia tano, ningeituma kwa namba yake ya simu. Ndiyo maana hatuambiwi.

Wa Mwanza, umenishinda. Sikufikiria balo. Neno "zibanwe" nalifuta, laivu ziachwe, ila hesabu ya shilingi naing'ang'ania, kwako haikugusi. Nimeshikilia kidole kama ulivyosema, misiba imepungua. Sasa naletewa viatu.

Na yule binti wa gauni alirudi jana. Nikamwambia asimamishe video pale mdada anapogeuka mgongo. Alijaribu mara nne ndipo tukaipata. Hakuna zipu. Gauni limebanwa nyuma kwa pini, kuanzia shingoni hadi kiunoni, nilihesabu saba. Tukaangaliana. Nikamtajia bei ya gauni, na bei ya zipu juu yake.