Ndege wa hori ya Tudor: mbona wiki hii tele, wiki ijayo hakuna?

MamaZuu wa Mikindani

Assalaam alaykum. Naomba wanaojua wanisaidie, jambo hili lanisumbua mwezi wa pili sasa.

Nikitoka kazini hushuka na babangu kwenye mikoko ya Mikindani, upande wa hori ya Tudor, hapa Mombasa. Mzee alifanya kazi bandarini miaka 31, na tangu astaafu alikuwa ashinda kitini akitazama ukuta. Daktari akamwambia atembee. Kando ya barabara hataki, asema tuktuk zitamgonga. Mikoko ndiyo aliyoikubali. Twafika kama saa kumi na moja jioni, twakaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa mpaka jua likaribie kutua.

Siku ya kwanza matope yote yalikuwa ndege. Yangeyange niliwajua. Wengine wadogo sana, wakimbia ukingoni mwa maji kama vifaranga walioachwa na mama yao. Na mmoja mkubwa, rangi ya udongo, mdomo mrefu umepinda chini kama mundu, autia kwenye tundu la kaa mpaka karibu na macho. Aliporuka akapiga mluzi, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, mara saba hivi bila kupumua. Babangu akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mamangu afariki.

Wiki iliyofuata, saa ile ile, hakuna kitu. Maji yamepanda mpaka ndani ya mikoko, kimya. Mzee akarudi nyumbani hakusema neno. Wiki nyingine wapo tena! Je, kuna mtu awafukuza? Na huyo wa mdomo wa mundu aitwaje?

Mvuvi_JomvuKuu

Waalaykum salaam dada. Hakuna awafukuzaye. Ndege hao hula kwenye matope, na matope huonekana maji yakipwa. Sasa tazama mwezi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hapa kwetu maji hujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Ndiyo saa yako hiyo, kwa hivyo utakuta bahari tu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na baada ya wiki mambo yamegeuka: saa kumi na moja maji yako chini. Nenda mwezi ukiwa wa siku 8, 9 na 10 tangu kuandama, kisha 22, 23 na 24. Hayo ni maji mafu, hayapwi mbali. Matope huwa ukanda mwembamba, nao ndege husogea karibu na mlipokaa. Kwa mzee mwenye macho ya uzee ni bora zaidi.

Ukitaka bamvua, mpeleke Jumamosi asubuhi saa nne. Maji hutoka mbali mno, lakini ndege nao hutawanyika, utahitaji darubini. Mimi huwaona kila siku nikiwa kwenye ngalawa na bado sijachoka nao.

Binti_Kibokoni

Huyo wa mundu ni sululu, wengine husema sururu. Hazaliwi huku. Huzaliana kaskazini kabisa, nchi za baridi, kisha baridi ikikaribia hushuka kwetu. Kuanzia Agosti na Septemba wanafika, Aprili wengi wanaondoka. Wachache hubaki, hasa wale wachanga ambao bado hawazai. Kwa hivyo dada, mzee akimkosa mwezi wa sita asihuzunike.

Maji yakijaa msiondoke upesi. Tazameni juu ya mikoko na mililana ya ukingoni: sululu hutua matawini wakingoja maji yapungue. Huenda walikuwepo siku ile mkawakosa kwa kutazama chini.

Ombi langu moja, nalisema kwa uchungu: msiache mabaki ya chakula pale. Kunguru wale wa shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi wakaingia pwani hii kupitia Unguja, hufuata taka, na wakizoea mahali hula mayai na makinda ya ndege wengine. Kwetu kwenye roshani chozi alining'iniza kiota chake kwenye waya wa nguo. Nilikilinda siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda sokoni, nikarudi nikakuta manyoya.

MamaZuu wa Mikindani

Allah awalipe kheri. Jana mwezi ulikuwa 9, tukashuka. Matope yako pale pale Mvuvi aliposema, kama hatua 20 kutoka mtumbwini. Mzee alihesabu sululu 14. Alihesabu mara mbili, kwa kidole, kama alivyokuwa akihesabu makasha bandarini, kisha akanikaripia kwa kuwa mimi nilipata 12. Binti, pole sana kwa chozi wako. Ganda la ndizi tulirudi nalo nyumbani.

Leo baada ya Magharibi ametoka nje mwenyewe kutazama mwezi, akaniuliza nina daftari lisilotumika. Nimempa la Zuu la mwaka jana, nusu ni tupu.